Ndege Wengi, Mafunjo Machache: Namna ya Kusoma Kinamasi cha Ziwa Victoria

Ukitaka kuona ndege wengi kwa mkupuo mmoja jijini Mwanza, nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, samaki na dagaa wakiwa wanapakuliwa. Korongo wale wakubwa wenye vichwa vya kipara wamesimama juu ya mabati wakisubiri matumbo ya samaki. Mwewe wanazunguka juu ya wachuuzi, yangeyange wanapita katikati ya mitumbwi, kunguru nao hawakosi. Kwa kuhesabu vichwa tu, pale pana ndege kuliko vinamasi vingi vya mkoa huu. Hata hivyo, karibu wote hao wangeendelea kuishi vizuri hata kama mwambao mzima wa ziwa usingebakiwa na bua moja la mafunjo. Chakula chao kinatoka kwetu.

Kwenye mlango wa Mto Simiyu, upande wa Magu, hali ni kinyume. Mtu anaweza kusimama mbele ya mafunjo kwa muda mrefu asione hata unyoya, akaondoka akiamini kwamba pamekufa. Kumbe mafunjo ya namna hiyo ndiyo makazi ya ndege ambao hawaishi penginepo duniani: ukiyaondoa mafunjo, umewaondoa na wao.

Kwa hiyo nashikilia kwamba wingi wa ndege ni kipimo kibaya cha afya ya kinamasi. Swali la kuuliza kwa kila ndege unayemwona ni hili: mafunjo haya yakifyekwa, huyu ana pa kwenda? Kulijibu kunataka uelewe mmea wenyewe, samaki waliomo majini, na hata kupanda na kushuka kwa ziwa, maana vitu hivi vimefungamana kiasi kwamba ukishika kimoja peke yake utadanganyika.

Mmea unaoelea

Mafunjo si matete, ingawa kwa mbali huchanganywa. Bua lake lina pembe tatu, halina majani ya kawaida, na kileleni hubeba kishada cha nyuzi za kijani ambazo ndizo zinazofanya kazi ya majani. Yakipata maji ya kutosha hufika mita nne hadi tano. Chini, mashina yanayolala na mizizi husukana yakawa tabaka nene linaloelea. Sehemu kubwa ya kinamasi cha mafunjo haikusimama juu ya udongo. Iko juu ya maji. Ndiyo sababu upepo mkali au maji yanayopanda huweza kumega kipande kizima kikaenda zake ziwani pamoja na wadudu, nyoka na viota vilivyomo. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kiliziba mitambo ya umeme kule Jinja, na sehemu kubwa ya Uganda ikakosa umeme.

Mabua yanayokufa huanguka na kuozea hapohapo. Uozo hutumia oksijeni, na kwa kuwa kivuli ni kizito na mawimbi hayafiki ndani, oksijeni hiyo hairudishwi upesi. Maji yaliyo chini ya mafunjo huwa meusi, yametulia, na yana hewa haba. Kamongo hajali, kwa sababu hupanda juu kupumua. Kambare naye ana namna yake ya kupumua hewa. Baadhi ya furu, samaki wadogo wa jamii ya sato, huvumilia. Sangara hawezi. Watafiti walioongozwa na Lauren Chapman katika Ziwa Nabugabo, lililo jirani kabisa na Ziwa Victoria upande wa Uganda, walionyesha kwamba kwa sababu hiyo mafunjo yaligeuka maficho ya samaki wadogo ambao sangara aliwamaliza kwenye maji ya wazi. Jambo hili liweke akilini. Tutalihitaji tukifika kwa mdiria, ndege mvuvi.

Mafunjo hufanya pia kazi ya kuchuja. Tope linaloletwa na mito hutuama kati ya mizizi, na naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na mijini hugeuka mabua. Katika ziwa linalopokea maji ya Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji letu, kazi hiyo si ndogo.

Wasioonekana

Ndege wa ndani kabisa ya mafunjo anayetafutwa kuliko wote ni yule ambaye wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri. Ana urefu wa karibu sentimita 18. Utosi wake ni wa rangi ya dhahabu, mgongo mweusi wenye mstari mweupe bawani, kifua na tumbo vyekundu vilivyoiva. Ungetarajia rangi hizo zimfichue mara moja, lakini yeye hutembea katikati ya mabua, chini ya vishada, mahali ambapo jicho halipenyi. Utamjua kwa sauti. Dume na jike huimba kwa kupokezana, mmoja akianza mwingine anadakia, kwa mpangilio wa haraka kiasi kwamba asiyejua huhesabu ndege mmoja pale walipo wawili. Anapatikana Uganda, magharibi mwa Kenya, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, na kwetu kwenye mafunjo ya kaskazini-magharibi. Mahali panapojulikana zaidi ni kinamasi cha Mto Mara. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamweka katika kundi la ndege wanaokaribia kuwa hatarini.

Hayuko peke yake. Kuna Calamonastides gracilirostris, ndege mdogo wa manjano mwenye mdomo mwembamba, ambaye hali yake ni mbaya zaidi katika orodha hiyohiyo. Kuna Cisticola carruthersi, Bradypterus carpalis, na Crithagra koliensis aliye jamii ya chiriku. Wote ni wadogo, wengine wa kahawia tupu, na mtu asiyewatafuta hupita bila kujua kwamba wapo. Kwa maoni yangu hao ndio utajiri wa mwambao huu, kuliko hata furukombe anayepigwa picha na kila mtalii.

Kinachowafunga kwenye mafunjo ni maisha yao yote: wadudu wanaowala wanakaa kwenye vishada na kati ya mabua, kiota kinafungwa kwenye mabua, na maadui wengi hawawezi kutembea juu ya tabaka linaloelea. Ndege aliyezoea kujificha hivyo hapendi kuvuka uwanja wa wazi. Kinamasi kikikatwakatwa kikabaki vipande vidogo kati ya mashamba ya mpunga na mboga, hekta zilizobaki zinaweza kuonekana nyingi kwenye karatasi, ilhali kila kipande kimekuwa kidogo mno kuwatosha.

Hapa ndipo hesabu zetu zinapokosa shabaha. Tangu 1991 kumekuwa na sensa ya ndege wa majini barani Afrika, inayoratibiwa na Wetlands International, shirika la kimataifa la ardhioevu, na kufanyika kila Januari. Ni kazi muhimu sana kwa bata, korongo, mnandi, chamchanga na wengine wanaokaa mahali pa wazi. Lakini kwa namna ilivyo, mhesabuji akiwa na darubini ukingoni, haiwezi kuwafikia hawa wa ndani. Ghuba iliyofyekwa mafunjo ikabaki tope tupu inaweza kupata idadi kubwa kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu yangeyange na chamchanga wamepata mahali pa kuokota wadudu. Anayesoma jedwali bila kujua kilichotokea ukingoni atafurahi.

Mahali mafunjo yanapokutana na maji

Mstari mwembamba wa nje, wenye yungiyungi na maji ya kina kifupi, ndio unaompa mtazamaji raha. Hapo utamwona jakana, ndege wa rangi ya kahawia iliyokolea mwenye vidole virefu ajabu, akitembea juu ya majani yanayoelea. Kwa ndege huyu jike ndiye mkubwa, na ndiye mwenye madume kadhaa. Dume hulalia mayai, hulea, na hatari ikitokea hubeba makinda chini ya mabawa, miguu yao mirefu ikining'inia. Utamwona pia yule mweusi mwenye mdomo wa manjano na miguu myekundu, anayechungulia na kurudi mafunjoni, na mdiria mdogo wa buluu na rangi ya chungwa aliyekaa juu ya bua lililoinama. Mnana wa aina mbalimbali husuka viota vinavyoning'inia juu ya maji, na msimu wa mvua kelele zao hufunika kila kitu.

Korongo mweusi mwenye mdomo ulioachia pengo katikati hula konokono wakubwa na kome. Nimewasikia watu wakisema kwamba kwa hiyo anatupunguzia kichocho. Nisingeweka matumaini hapo: konokono wanaobeba kichocho ni wadogo sana, si wale anaowafungua yeye.

Ukingo huu ndio ulioharibiwa zaidi na gugu maji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufikia kilele karibu na 1998, kabla ya mbawakawa walioletwa kulila, pamoja na hali ya hewa ya miaka hiyo, kulipunguza. Angalia lakini: jakana hutembea juu ya gugu maji bila taabu, na yangeyange husimama juu yake wakivua. Ghuba iliyozibwa inaweza kujaa ndege wa ukingoni huku mtumbwi haupiti na samaki chini wanakosa hewa. Ukiuliza lile swali la pa kwenda, jakana anajibu kwamba kwake jani lolote linaloelea linatosha.

Mdiria na historia ya samaki

Sasa tutoke mafunjoni. Mdiria mweusi na mweupe ni ndege ambaye kila mtu wa Mwanza amemwona, hata kama hakumjali. Husimama angani akipiga mabawa, mdomo ukielekea chini, kisha hujitupa majini. Ni katika ndege wachache wa jamii yake wanaoweza kuvua namna hiyo mbali na matawi, na hiyo humwezesha kufuata samaki mpaka maji ya wazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kazi katika Ghuba ya Mwanza kuchunguza furu. Wakati huo ziwa lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 500, nyingi zisizopatikana kwingine. Sangara, aliyepandikizwa ziwani upande wa kaskazini katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, alikuwa bado hajaenea huku. Katika miaka ya 1980 alifumuka. Furu wa maji ya wazi wakaporomoka, aina nyingi zikapotea mbele ya macho ya watafiti haohao waliokuwa wamekuja kuzihesabu, na dagaa wakaongezeka.

Watafiti wawili wa kundi hilo, Jan Wanink na Kees Goudswaard, walifanya jambo ambalo wengi wasingelifikiria: walichunguza mabaki ya chakula cha ndege. Mdiria hutapika vidonge vya mifupa ya samaki, na mifupa hiyo inataja jina la samaki aliyeliwa. Kabla ya kufumuka kwa sangara, mdiria wa ghuba yetu aliishi kwa furu. Baadaye aliishi kwa dagaa. Badiliko hilo lilikuwa na gharama, kwa kuwa dagaa ni mwembamba, na kwa urefu uleule ana uzito mdogo kuliko furu. Mdiria alilazimika kukamata samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibe, na kila samaki ni safari ya kwenda, kusimama angani na kuzama.

Uchunguzi mwingine unalikamilisha hili. Heinz-Ulrich Reyer alilinganisha mdiria wa Ziwa Victoria na wale wa Ziwa Naivasha nchini Kenya. Katika maziwa yote mawili wazazi husaidiwa kulisha makinda na watoto wao wa kiume wa mwaka uliopita. Kwa wale wa Naivasha, ambako kuvua ni rahisi, dume mgeni anayejaribu kujipendekeza hufukuzwa. Kwenye Ziwa Victoria, lenye mawimbi na samaki wadogo walio mbali, wazazi humkubali mgeni alete samaki, ingawa yeye ana lake: mwaka unaofuata huenda akampata jike yule. Ugumu wa ziwa umeingia mpaka ndani ya nyumba ya ndege.

Ndiyo maana mdiria hafai kuwa shahidi wa mafunjo. Akionekana kwa wingi, anakueleza habari za dagaa na za kingo za udongo anamochimba kiota chake. Na mnandi vivyo hivyo anaeleza habari za samaki. Uhusiano wao na mafunjo upo, lakini unapita mbali: mafunjo yalihifadhi baadhi ya samaki wadogo ambao sangara hakuweza kuwafuata, na kingo zenye mimea ndizo zinazokuza vifaranga vya sato na wengineo. Ukifyeka mafunjo leo, mdiria hataondoka kesho.

Wanaopita

Kuanzia Septemba hadi Aprili wageni kutoka Ulaya na Asia wanakuwa nasi. Chamchanga hutembea kwenye tope, mbayuwayu hulala kwa maelfu kwenye matete, na buabua wenye mabawa meupe huvua wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo. Kati ya Mei na Oktoba huja mgeni wa aina nyingine, kulasitara wa Madagaska, ambaye yuko hatarini kutoweka na ambaye hujificha ukingoni mwa mafunjo akiwa na manyoya ya kahawia yasiyovutia jicho. Wengi hawamjui. Anastahili kutafutwa.

Ziwa linapopanda

Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja kilisoma mita 13.42, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa tangu kipimo hicho kianze. Rekodi ya awali ilikuwa ya 1964. Mwambaoni Mwanza, mashamba, mialo na nyumba vilizama. Kwa mafunjo, maji yanayopanda si msiba yenyewe. Yanaelea, hupanda nayo, na ukingo wa nchi kavu unapolowa huota hapo. Shida inakuja pale ambapo nyuma yake pamejengwa ukuta au pamelimwa mpaka mwisho. Mafunjo husukumwa na mawimbi upande mmoja na binadamu upande wa pili, na mkanda unazidi kuwa mwembamba.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mara nyingi mjadala wetu kuhusu mita hizo ni wa hoteli na nyumba. Ningependa tuuone pia kama nafasi ambayo kinamasi kinahitaji ili kiweze kurudi nyuma na kusonga mbele kadiri ziwa linavyopumua. Tanzania ina maeneo manne tu ya ardhioevu yaliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja lililo kwenye Ziwa Victoria, ilhali Uganda imeandikisha kadhaa kwenye mwambao wake. Kinamasi cha Mto Mara, kwa ndege wake peke yao, kingestahili.

Simlaumu anayekata mafunjo kwa ajili ya majamvi au kuezeka. Yakikatwa kwa zamu na mashina yakaachwa, yanarudi ndani ya miezi. Kinachoua kinamasi ni kuchoma wakati wa kiangazi, kuchimba mifereji na kulima juu yake, kwani hapo mashina yenyewe yanakufa.

Ukienda

Kisiwa cha Saanane kiko karibu sana na mjini na kina ndege wazuri, furukombe wakiwemo, lakini ni kisiwa cha mawe; usiende kutafuta ndege wa mafunjo huko. Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ina vinamasi na nzohe wake, mnyama aina ya swala aishiye vinamasini, ila safari yake ina gharama. Kwa mtu wa kawaida, njia rahisi ni barabara ya Mwanza kwenda Musoma na kuendelea kuelekea Tarime. Inavuka Simiyu, inapita karibu na Ghuba ya Speke, na kwenye Daraja la Kirumi mafunjo ya Mto Mara yanatanda pande zote mbili. Na usitarajie kumwona yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo wa kiatu. Kwa Tanzania huyo ni wa vinamasi vya Malagarasi-Muyovozi.

Fika kabla jua halijachomoza, yaani kabla ya saa moja kasoro robo. Ndege wa mafunjo huimba zaidi saa ya kwanza, na ikifika kama saa nne upepo wa ziwani hutikisa vishada mpaka husikii wala huoni. Usiingie majini kwa miguu: kichocho kipo kwenye kingo zenye mimea, mamba na viboko nao wapo. Nenda na mvuvi wa eneo hilo mwenye mtumbwi, mlipe vizuri, na umwulize kiboko amelala wapi kabla hujauliza habari za ndege. Kupiga sauti iliyorekodiwa ili ndege atoke ni kishawishi kikubwa. Hasa wakati wa kutaga, ndege anayefikiri kuna mvamizi huacha kiota na kuja kupigana na simu yako, kwa hiyo afadhali usitumie kabisa.

Daftari lako liwe na mambo ambayo wengi hawayaandiki: upana wa mkanda wa mafunjo kwa kukadiria hatua, kama umekatwa au kuchomwa, maji yako wapi ukilinganisha na safari iliyopita, na gugu maji limefika wapi. Tenganisha ndege uliowaona na uliowasikia. Halafu keti mahali pamoja, usitembee, usikilize kwa nusu saa kamili. Ukishaifahamu ile sauti ya kupokezana, andika pia siku ambazo hukuisikia pamoja na saa uliyofika na hali ya upepo, kwa sababu ukimya wa saa tano mchana haumaanishi kitu, lakini ukimya wa alfajiri tatu mfululizo kwenye kinamasi kilekile ni taarifa ya kupeleka kwa ofisa wa mazingira wa wilaya.